Fedha Zilitosha, Siku Ndizo Hazikutosha: Kisa cha Mwanafunzi wa Uzamivu na Mkutano wa Agosti

Katikati ya Juni 2024, ukiweka bajeti aliyoiandika Aprili upande mmoja na ahadi za wafadhili upande wa pili, mwanafunzi huyu wa uzamivu alikuwa na ziada ya euro 51. Aliporudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba alikuwa na pengo la euro 520, na hapo nimeshahesabu hata fedha ambazo zilikuwa bado hazijamfikia. Hakuna mfadhili aliyevunja ahadi. Hakuna aliyekula hela. Kila aliyeahidi alilipa kiasi kilekile alichokitaja. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kuliko vile vya upendeleo na wizi tulivyovizoea: humu hamna mwovu, na bado mtu kaumia.

Mwanafunzi mwenyewe nimemuunga kutokana na wanafunzi zaidi ya mmoja, na bajeti yake ni ya mfano, kama ilivyo kawaida ya visa vya kufundishia. Kalenda aliyopambana nayo si ya kubuni. Mwaka wa fedha wa Serikali, ada ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), mwenendo wa shilingi, sikukuu na hali ya Nairobi ni mambo ya 2024 kama yalivyokuwa. Chuo, mkutano na ubalozi sivitaji, kwa kuwa ukiweka vingine mahali pake hesabu haibadiliki.

Mwanafunzi na kazi yake

Ni mhadhiri msaidizi wa chuo cha umma, yuko likizo ya masomo, mwaka wa tatu wa uzamivu katika infomatiki ya afya. Anachotafiti ni jambo ambalo muuguzi yeyote wa zahanati analijua bila kusoma tasnifu: habari za mgonjwa mmoja zinaandikwa kwenye rejista ya MTUHA, yaani daftari za taarifa za afya, zinaandikwa tena kwenye GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa Serikali wa vituo vya afya, pale penye kompyuta na umeme, kisha mwisho wa mwezi zinajumlishwa kwa mkono ili ziingie kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya za nchi nzima. Dada huyu anafuatilia namba zinazobadilika njiani, kutoka daftari hadi skrini: nani anazirekebisha, na kwa mantiki gani. Ni kazi ya uvumilivu, ya kukaa na watu wa takwimu wa wilaya mpaka jioni wanapofunga ripoti.

Machi makala yake ilikubaliwa kwenye mkutano mkubwa wa Ulaya, siyo kama bango bali kama wasilisho la ukumbini. Kitabu cha mkutano huo huingizwa PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, na kwa mtu anayetafuta kumaliza uzamivu hilo si pambo. Sharti lilikuwa moja: angalau mwandishi mmoja awe amejisajili na kulipa ifikapo 15 Juni, la sivyo makala inatolewa kitabuni.

Msomaji mkali atauliza kwa nini mambo ya MTUHA yakajadiliwe Ulaya. Ni swali la haki. Bara la Afrika lina HELINA, mkutano wa infomatiki ya afya ulioanzia Ile-Ife, Nigeria, mwaka 1993, ukapita Eldoret 2013, Nairobi 2018 na Gaborone 2019. Watu wa DHIS2 hukutana Oslo kila Juni. Mei 2019 Dar es Salaam yenyewe iliupokea mkutano wa kikundi cha 9.4 cha IFIP (shirikisho la kimataifa la vyama vya kompyuta), kinachoshughulika na kompyuta na maendeleo, na mwanafunzi wa hapa angeweza kufika kwa daladala. Jibu la dada huyu lilikuwa fupi: alipokuwa anaandika makala, ruzuku ya wanafunzi iliyokuwa imetangazwa ni ile ya Ulaya. Wanafunzi hufuata ruzuku, na utafiti wao huwafuata. Wanaopanga ajenda za utafiti wangelitazama jambo hilo kwa makini zaidi kama ruzuku zingekuwa zinatoka kwetu.

Bajeti ya Aprili

Ada ya usajili kwa mwanafunzi, bei ya mapema, euro 380. Nauli ya ndege kwenda na kurudi, 850. Viza 80, na 30 za kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari 35. Nchi yenye mkutano haikuwa inapokea maombi ya viza Dar, kwa hiyo ilibidi afike Nairobi mwenyewe kutoa alama za vidole: basi la kupitia Namanga na malazi, 120. Malazi ya siku tano kwenye mkutano, 350. Chakula na usafiri wa mjini, 175. Jumla euro 2,020, ambazo kwa bei ya wakati ule, euro moja kama shilingi 2,800, ni takribani milioni 5.7.

Ada ya usajili ina mkasa wake. Mkutano ulikuwa na punguzo kwa washiriki wa nchi za kipato cha chini, ukitumia orodha ya Benki ya Dunia. Tanzania ilitoka kwenye kundi hilo Julai 2020, ikaungana na Kenya kwenye kipato cha kati cha chini. Mwanafunzi wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu angepata punguzo; wa Dar hapati. Tulishangilia uchumi wa kati, na hapa ndipo bili yake ilipomfikia mwanafunzi.

Kuna pia gharama ambayo haikuandikwa popote. Ana watoto wawili wadogo. Mama yake alitoka Morogoro kuja kukaa nao, na hakuna fomu ya ruzuku niliyowahi kuiona yenye mstari wa nauli ya bibi.

Ahadi mbili

Ahadi ya kwanza ilikuwa ruzuku ya mkutano: hadi euro 1,000, atakazorejeshewa baada ya kuhudhuria, akileta stakabadhi. Ya pili ilitoka kurugenzi ya utafiti ya chuo chake: shilingi milioni 3 kama masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa hesabu baadaye, yatakayotolewa akishaonyesha barua ya kukubaliwa, uthibitisho kwamba amelipa usajili, kibali cha kusafiri nje ya nchi, na viza. Milioni 3 kwa bei ya Aprili ni euro 1,071. Ukijumlisha unapata 2,071. Ile ziada ya 51 ndiko ilikotoka.

Soma tena masharti. Mfadhili wa kwanza analipa safari ikishaisha. Wa pili analipa viza ikishapatikana. Viza haipatikani bila kusajiliwa, bima, ada na safari ya Nairobi. Kwa hiyo kila kinachotangulia viza kinalipwa na mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya wafadhili, yaani mwanafunzi. Kamati iliyopitisha maombi yake ilikagua jumla, ikaona inatosha, ikagonga muhuri. Haikukagua tarehe, kwa sababu fomu haina safu ya tarehe. Ina safu ya kiasi tu.

Kalenda

Bei ya mapema ya usajili ilifungwa 31 Mei. Majibu ya ruzuku ya mkutano yalitoka 3 Juni. Waandaaji walewale waliopanga tarehe ya kwanza ndio waliopanga ya pili, na sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Kamati ya ruzuku na kamati ya usajili hazikai meza moja. Lakini kila mwanafunzi aliyesubiri kujua kama anafadhiliwa alilipa bei ya juu. Kwake ilikuwa 480 badala ya 380.

Kamati ya chuo ilikaa Ijumaa 14 Juni, siku moja kabla ya mwisho wa usajili wa waandishi. Jumatatu iliyofuata ilikuwa Idd el-Hajj. Zikabaki wiki mbili pungufu kufikia 30 Juni, na hapo ndipo kiini cha kisa chote kilipo.

Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa 30 Juni. Kenya, Uganda na Rwanda nao hivyohivyo. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi ya umma anaijua Juni ya wahasibu: kila idara inakimbiza malipo, kasma (mafungu ya bajeti) zinakauka, na faili lenye pungufu ya karatasi moja linawekwa pembeni. Lake lilipungukiwa viza. Julai Mosi ukaingia mwaka mpya, na Julai ya wahasibu ni kinyume cha Juni: kasma zimepitishwa lakini fedha hazijashuka, bajeti mpya inapandishwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, na jibu la kila swali ni “mfumo haujafunguka”. Alichoidhinishiwa Juni kililazimika kuombewa upya kwenye mwaka mpya wa fedha. Milioni zilikuwa zilezile na sahihi zilezile, karatasi ndizo zilizobadilika.

Sasa itazame mikutano ya fani hii. MEDINFO, mkutano wa dunia wa infomatiki ya afya unaosimamiwa na IMIA, chama cha kimataifa cha fani hii, ulifanyika Copenhagen 2013, São Paulo 2015, Hangzhou 2017, Lyon 2019 na Taipei 2025, yote Agosti. Sydney 2023 ilikuwa Julai. Ulipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town 2010, ilikuwa Septemba. Wenye mikutano wana sababu zao, maana maprofesa wa Ulaya wako likizo ya kiangazi na vyuo havina madarasa. Kwa mwanafunzi anayetegemea kasma ya Serikali huku kwetu, Agosti ndio mwezi mbaya kuliko yote kumi na miwili: malipo ya maandalizi yanaangukia Juni, wakati mlango unafungwa, na malipo ya safari yanaangukia Julai, wakati mlango mwingine haujafunguliwa. Mkutano wa mwaka wa AMIA, chama cha fani hii huko Marekani, hufanyika Novemba. Ni mbali zaidi na ni ghali zaidi, lakini mwanafunzi wa Dar anayekwenda huko anaomba fedha zikiwa zimeshashuka. Sijawahi kuona ofisi ya utafiti inayomshauri mwanafunzi achague mkutano kwa kuangalia mwezi. Ingekuwa ushauri wa bure, na wenye thamani kubwa kuliko semina nyingi za uandishi wa ikisiri.

Viza

Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024, kati ya siku alipoandika bajeti na siku alipolipa. Hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa miadi. Alipata Alhamisi 27 Juni, Nairobi. Siku mbili kabla yake waandamanaji waliokuwa wanapinga Muswada wa Fedha waliingia Bungeni, na nchi nzima ikawa kwenye taharuki. Akaahirisha. Tiketi ya basi na chumba alichokuwa amekilipia vikapotea, euro 60. Miadi mpya ikawa 10 Julai.

Ofisa wa viza anataka mambo ambayo ukiyatazama kwa upande wake yana mantiki: bima isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko, nafasi ya ndege iliyoshikwa, na ushahidi kwamba safari ina wa kuigharimia. Kwenye hilo la mwisho ndipo ahadi zile mbili zilipogongana na ukuta. Barua ya mkutano ilisema atarejeshewa. Kurejeshewa maana yake ni kwamba kuna mtu atatoa kwanza, nani? Barua ya chuo ilisema fedha zitatolewa viza ikipatikana. Ofisa anasubiri fedha, chuo kinasubiri viza. Akaambatanisha hati za mshahara na taarifa ya benki. Taarifa hiyo ilionyesha shilingi milioni 2 zilizoingia kwa mkupuo Juni kutoka kikoba, na fedha za ghafla ni kitu ambacho maofisa wa viza hukitilia shaka. Alieleza kwa barua. Alieleweka, lakini ilichukua muda: kanuni inataka jibu ndani ya siku 15, na inaruhusu kusogeza hadi 45. Pasipoti ilimrudia 12 Agosti.

Faili likaingia kwa mhasibu kesho yake. Masurufu yakalipwa Alhamisi 22 Agosti. Mkutano ulianza Jumatatu iliyofuata. Tiketi iliyokuwa euro 850 mwezi Mei sasa ilikuwa 1,180. Na milioni 3 zilizokuwa euro 1,071 mwezi Aprili, kwa bei ya Agosti, euro ikiwa imekaribia shilingi 3,000, zikawa kama euro 1,000. Chuo kilitoa kila senti kilichoahidi, na 71 ziliyeyuka kwenye bei ya fedha bila mtu kuzigusa.

Hesabu halisi

Usajili 480, ndege 1,180, viza 90 na 30 za kituo, bima 35, Nairobi 180, malazi 350, chakula na usafiri 175. Jumla euro 2,520, yaani 500 zaidi ya bajeti. Ukizichambua hizo 500: mia moja ni usajili, 330 ni ndege, 60 ni basi na chumba cha Nairobi, 10 ni ada mpya ya viza. Hakuna hata moja iliyotokana na anasa au makisio mabaya. Bajeti ya Aprili ilikuwa sahihi kwa bei za Aprili. Ndani yake, 430, zile za usajili na ndege, ni gharama tupu ya kuchelewa kwa fedha ambazo tayari zilikuwa zimeahidiwa.

Kabla mfadhili yeyote hajatoa chochote, alikuwa ameshalipa euro 815, kama shilingi milioni 2.3. Milioni 2 za kikoba, kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi mitatu, na zilizobaki kutoka kwenye mshahara. Siku ya kuondoka masurufu yote yalikuwa yamemezwa na tiketi, na bado 180 zikapungua. Malazi na chakula je? Msimamizi wake alimkopesha euro 600 kutoka mfukoni. Wasimamizi wengi wanafanya hivi, na haionekani kwenye ripoti yoyote ya ufadhili. Kuna mfuko mzima wa mikopo ya wanafunzi unaoendeshwa na maprofesa kwa siri ya heshima, usio na daftari.

Euro 1,000 za mkutano ziliingia mwishoni mwa Novemba. Shilingi, iliyokuwa imeshuka wakati ananunua, ilikuwa imeanza kupanda wakati analipwa, kwa hiyo alipata pungufu kwa shilingi kuliko alivyotegemea. Kikoba hakikusubiri Ulaya. Kililipwa Septemba kutoka kwenye mshahara, pamoja na riba ya shilingi 200,000, ambayo haina stakabadhi na hakuna mfadhili atakayeitambua.

Kuhusu stakabadhi, aliwekwa kati ya wakaguzi wawili. Mkutano ulitaka ushahidi wa kila matumizi. Mhasibu wa chuo naye alitaka stakabadhi halisi ili afunge masurufu, na mwanzoni aliuliza kama hoteli ya Ulaya haitoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya Tanzania. Stakabadhi moja haiwezi kulala kwenye mafaili mawili. Alichofanya, na alikifanya vizuri, ni kugawa matumizi tangu mwanzo: tiketi ya ndege iende chuo, usajili, malazi, viza na bima viende mkutano. Bima, viza, usajili na malazi vilifika 985, na mlo mmoja wenye risiti ukajaza hadi 1,000. Basi la Nairobi halikuingia popote. Mwanafunzi mwingine asiyejua hili angepeleka tiketi pande zote mbili na kuambiwa anadai mara mbili.

Mtindo huu wa kurejesha ulitoka wapi

Kulipa baada ya safari si uonevu uliobuniwa kwa ajili yetu. Ni mtindo wenye kwao. Chukua mkutano wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na kompyuta, wa infomatiki ya huduma za afya, ICHI, ulioanzia Philadelphia 2013. Una kikao cha wanafunzi wa uzamivu, na NSF, mfuko wa sayansi wa Serikali ya Marekani, umewahi kutoa fedha za kuwasafirisha. Fedha hizo hupewa profesa wa chuo cha Marekani, naye huwagawia wanafunzi, kwa kawaida wale waliosajiliwa kwenye vyuo vya Marekani, bila kujali uraia. Mkenya anayesoma Indiana anaweza kuomba. Mkenya mwenzake anayesoma Eldoret, pengine kwenye mradi uleule wa kumbukumbu za wagonjwa, hawezi. Fedha zina masharti mengine pia: kwa sheria ya 1974, safari inayolipiwa na Serikali ya Marekani inapaswa kutumia mashirika ya ndege ya nchi hiyo panapowezekana.

Mtindo huo unafanya kazi kule kwa sababu mwanafunzi ana kadi ya mkopo, chuo kina ofisi ya safari inayokata tiketi yenyewe, na mara nyingi hahitaji viza kusafiri ndani ya nchi. Kurejeshewa baada ya wiki sita ni usumbufu tu. Ukiuchukua mtindo huohuo ukamletea mtu anayehitaji viza kupitia nchi ya tatu, asiye na kadi ya mkopo, na ambaye riba ya kikoba ni asilimia 10, umebadilisha kabisa unamfadhili nani. Ruzuku inawafaa wale ambao wangeweza kwenda hata bila ruzuku. Nadhani waandaaji wengi wa mikutano hawajawahi kuambiwa hivi waziwazi, kwa sababu anayeshindwa kulipa kwanza haji, na asiyekuja hajazi fomu ya maoni.

Miradi mikubwa ya mafunzo ililimaliza tatizo hili kimyakimya. Programu za infomatiki za Fogarty, kituo cha NIH (taasisi za utafiti wa afya za Serikali ya Marekani), tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na vyuo vya Afrika chini ya HISP, mpango wa mifumo ya taarifa za afya, ziliingiza safari za mikutano ndani ya bajeti ya mwanafunzi tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa mradi hakuomba ruzuku. Mradi ulinunua tiketi. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulidhani mfumo wetu unafanya kazi. Waliokuwa wanasafiri ni wa miradi. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa na NIH ikabadili namna inavyotoa fedha kwa washirika wa nje ya Marekani, hivyo kundi la wanafunzi wasio na mradi linaongezeka, na wote hao wanaelekezwa kwenye fomu isiyo na safu ya tarehe.

Njia nyingine zilizokuwepo

Mwandishi mwenza wake, profesa wa Ulaya, alijitolea kuwasilisha. Angekwenda kwa treni. Ingeokoa makala na fedha, na kwa mtazamo wa mhasibu ndilo jibu sahihi. Nalipinga, ingawa najua ni rahisi kupinga ukiwa hukukopa kikoba. Maswali ya ukumbini yalihusu kwa nini karani wa zahanati anarekebisha namba ya wajawazito kabla ya kuituma wilayani. Aliyekaa na karani huyo ndiye anayeweza kujibu. Na tumeshakuwa na makala za kutosha kuhusu hospitali zetu ambazo uso wake ukumbini ni wa mtu aliyezitembelea wiki mbili.

Wasilisho la video halikuwepo. MEDINFO 2021 iliendeshwa mtandaoni yote kwa sababu ya korona, na wakati ule wanafunzi wetu walishiriki bila viza wala Nairobi. Mikutano mingi imerudi kumbini, na njia ya mtandao imebaki kwa wageni rasmi.

Kujitoa na kupeleka kazi mkutano wa Afrika mwaka unaofuata ilikuwa njia ya busara, na kama angeuliza Machi ningemshauri hivyo. Alipouliza, Juni, alikuwa ameshalipa 480 zisizorudishwa.

Kinachoweza kubadilishwa bila kuongeza fedha

Upande wa mkutano, jambo moja lingetosha: kukata ada ya usajili kwenye ruzuku papo hapo. Waandaaji wangemwambia mwanafunzi tarehe 3 Juni kwamba usajili wake umelipwa kwa bei ya mapema, na zilizobaki, 620, atarejeshewa. Hakuna fedha inayotoka nje ya akaunti yao. Ni kufuta deni kwenye daftari lao wenyewe. Kwake, malipo ya kutangulia yangeshuka kutoka 815 hadi 335, na kikoba kisingehusika.

Upande wa chuo, sharti la viza lina sababu: mtu akinyimwa viza akiwa ameshachukua masurufu, mhasibu anabaki na hoja ya ukaguzi. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuyagawa malipo, sehemu ya kwanza itoke kabla ya 30 Juni kwa ajili ya usajili na viza, ya pili viza ikitoka. Vyuo vingi vina akaunti za mapato ya ndani ambazo hazifungwi kama kasma ya Serikali, na hapo ndipo pa kuweka mfuko wa kuzunguka. Shilingi milioni 12 zinawakopesha wanafunzi watano kwa msimu, kila mmoja milioni 2.4, nao wanarejesha fedha za mkutano zikiingia. Msimu mmoja ni miezi sita, kwa hiyo mfuko huo hauzunguki zaidi ya mara moja au mbili kwa mwaka, na anayeahidi zaidi ya hapo hajawahi kusubiri fedha kutoka Ulaya.

Swali linalokwamisha mfuko wa namna hii kwenye kila kikao ni nani anabeba hasara ya aliyenyimwa viza. Wanakamati hupendekeza mwanafunzi alipe mwenyewe. Akilipa mwenyewe, turudi kwenye kikoba. Mfuko ndio ubebe, na kanuni iseme hivyo waziwazi. Anayenyimwa viza anapoteza usajili wa bei ya mapema, 380, viza na kituo 120, na Nairobi 120: euro 620, chini kidogo ya shilingi milioni 1.9 kwa bei ya Agosti ile. Hata kama mmoja kati ya watano atanyimwa kila msimu, hiyo ndiyo hasara yote. Wanafunzi watano wakisubiri kama alivyosubiri huyu, gharama ya kuchelewa peke yake, zile 430 za usajili na ndege kwa kila mmoja, ni euro 2,150. Kwa bei hiyohiyo zinakaribia shilingi milioni 6.5, na hizo hulipwa kila msimu bila kikao chochote kuziidhinisha.